Kiu ya Asifiwe

Waliokuwapo asubuhi ile ni hawa: mimi Bisimwa, mkubwa katika nyumba yetu, Nsimire, mdogo wangu anayenifuata, Asifiwe, kitinda mimba, aliyekuwa na miaka kumi, Shangazi Godelieve, dada ya marehemu baba yetu, pamoja na kuku wake mwekundu aliyefungwa kamba mguuni, Muzee Bahizi, mwenye shamba tulilolala, na baadaye Madame Vumilia, muuguzi, na Kambale, kijana wa pikipiki. Nawataja wote kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa na neno lake juu ya kile kilichokuwa kinamuua Asifiwe, na maneno hayo hayakufanana.

Ninaandika sasa kwa kuwa hatari ile imepita. Sikusoma sana. Niliacha shule baba alipouawa kwenye barabara ya Rutshuru, miaka michache baada ya mama kufa, nikaanza kuchonga mawe ya kujengea pale Mabanga, mtaa wetu hapa Goma. Basi nitaandika kama ninavyosema. Nawaandikia wale ambao wana mtoto nyumbani anayekunywa maji kupita kiasi, na hawajui waanzie wapi.

Ilianza kabla ya mlima wetu wa moto kupasuka. Asifiwe alikuwa mtoto mnene kidogo, mwenye kupenda kucheka. Akaanza kukonda. Nsimire alimfunga sketi ya shule kwa pini, kisha akaongeza pini ya pili. Halafu akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha jambo hilo tangu akiwa mdogo kabisa. Wasichana hao wawili walilala godoro moja, kwa hiyo kila asubuhi palikuwa na kelele.

"Mutoto wa miaka kumi!" Nsimire alisema huku anatoa godoro juani. "Nitakununulia nepi sokoni, nakuapia."

"Si miye," Asifiwe alijibu. "Ni maji yenyewe inatoka."

Tulicheka. Hata yeye alicheka.

Kisha mlima ukapasuka. Moto ulisimama kabla ya kufika kwetu, lakini ulipita juu ya mabomba, na maji yakakatika karibu mji mzima. Watu wakaanza kuchota ziwani, na wenye chukudu, baiskeli zetu za mbao, wakabeba mabidoni ya maji kutwa nzima. Ardhi ilitetemeka mchana na usiku. Katika siku hizo kila mtu wa Goma alikuwa na kiu, vumbi la mlima lilikuwa kooni mwa kila mtu. Nani angeiona kiu ya mtoto mmoja?

Waliiona kama wizi. Jirani yetu mmoja alimkuta Asifiwe ameinamisha bidoni yake mdomoni, akamleta kwangu amemshika sikio.

"Bisimwa! Mwizi wako wa maji huyu hapa! Amekunywa maji ya batoto yangu, na bado anaangalia bidoni ya pili!"

"Asifiwe, ni kweli?"

"Yaya, nilikuwa na kiu," alisema; ndivyo kwetu mdogo anavyomwita kaka yake.

"Sisi wote tuna kiu," jirani alisema. "Sasa tuibiane?"

Nilimjazia bidoni yake kutoka kwenye maji yetu. Asifiwe alisimama akiyatazama maji yakimiminika, na midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mgonjwa wa homa. Nilimpa kikombe, akamaliza, akanyoosha mkono tena.

Baada ya hapo tuliamriwa tutoke mjini. Walisema moto unaweza kutokea hata chini ya nyumba zetu. Mji mzima ukashika barabara ya Sake kwa miguu, na magodoro kichwani na mbuzi mkononi. Shangazi Godelieve alikuja kutuchukua, kuku wake kwapani. Mtoto aliyekuwa akikimbia kuliko sisi wote alitembea kama bibi. Kila mara aliomba tusimame akojoe kando ya mawe, na kila mara aliomba maji, hata kwa watu asiowajua.

"Huyu mutoto ana tumbo ya ngamia," Shangazi alisema.

Tulipofika upande wa Lac Vert, Muzee Bahizi alituruhusu tulale katika shamba lake. Yeye alikuwa mfugaji mwenyeji wa hapo, mtu wa sauti ndogo. Palikuwa na kibonde kizuri kisicho na upepo. Alitukataza tusishuke chini kabisa, tukakaa ubavuni. Asifiwe alilala pembeni, na kuku alifungwa kwenye jiwe karibu na miguu yake.

Asubuhi hakuamka kama kawaida. Alifungua macho, akatapika maji matupu, akayafunga tena. Pumzi yake ndiyo iliyonitia hofu. Alikuwa akivuta hewa kwa nguvu, ndani sana na haraka, kama mtu aliyepanda mlima mbio, naye amelala chali. Na mdomo wake ulinuka ndizi zilizovunda.

Shangazi aliinama akanusa. "Nani amemupa kasiksi mutoto?"

"Shangazi, pombe ya ndizi tungeitoa wapi?"

"Nimezaliwa katika nyumba ya watengeneza kasiksi, papa. Hii harufu naijua."

Muzee Bahizi alikuja na fimbo yake. Hakunusa. Alitazama kifua cha mtoto kinavyopanda na kushuka, akatazama kibonde, akatikisa kichwa.

"Ni mazuku," alisema.

Anayekaa kwetu hahitaji kuelezwa. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini upande ule, haina rangi, inajikusanya mashimoni, na mtu akilala humo anaweza asiamke. Muzee alikuwa amepoteza ndama wawili kwa njia hiyo, na mtoto wa jirani yake. Hakuwa mjinga. Kama ningekuwa yeye, ningesema vilevile.

"Mumupandishe yulu, kwenye upepo," alisema. "Upepo utamutoa ile hewa. Mumupe chai ya sukari nyingi. Jua likisimama, atasimama naye."

Tukampandisha. Shangazi alipata chai kwa watu waliokuwa wanapika, akaitia sukari hadi kijiko kikasimama. Asifiwe alikunywa, akatapika, akaomba maji. Tukakaa tukingoja upepo. Chini yetu barabara ilikuwa nyeusi kwa watu.

Shangazi alikuwa na haraka. "Tukifika Sake leo tutapata njia ya kwenda kwetu. Ardhi ikipasuka tena, tutakuwa hapa tunangoja upepo?"

Nsimire ndiye aliyesema. Alikuwa ameketi na kichwa cha Asifiwe mapajani.

"Muzee, samahani. Hii maji alianza kuikunywa tukiwa Mabanga. Na kukonda, tukiwa Mabanga. Mazuku ya Mabanga iko wapi?"

Mimi nilitazama kibondeni tulikotoka. Kuku wa Shangazi alikuwa bado amefungwa kwenye jiwe, tumemsahau. Alikuwa akiparura udongo na kudonoa.

Mazuku hukaa chini. Inaanza na kilicho kifupi: kuku, kisha mbuzi, kisha mtoto aliyelala, na mtu mzima mwisho. Kuku yule alilala chini kuliko Asifiwe, kwenye miguu yake, na alikuwa mzima.

"Muzee," nilisema, "angalia kuku."

Alimtazama anavyodonoa. Kisha akasema polepole, "Basi si mazuku. Umupeleke kwa madocta. Usingoje jua."

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba niligeuka kutazama kama yuko. Pumzi yake ilikuwa ikinipiga shingoni, moto, haraka, bila kupumzika. Nilijiambia kwamba mradi naisikia, tuko sawa. Halafu nikaanza kuogopa siku nitakayoacha kuisikia.

Kituo cha afya kilikuwa kando ya barabara, chumba na ua. Ua ulikuwa umejaa watu wa mji mzima. Mlangoni kijana mmoja alitumwagia maji ya dawa mikononi.

"Anatapika?"

"Ndiyo."

"Mustari wa kolera, kule."

"Hahari, ndugu yangu. Anatapika tu."

"Anayetapika anaenda kule. Usinigombeze, kaka, miye nimeambiwa."

Tukakaa kwenye mstari wa kolera. Wakampa kikombe cha maji ya chumvi na sukari, akakimaliza, akaomba kingine. Mama mmoja mbele yetu alisema, "Huyu anakunywa vizuri, atapona mbele ya wangu." Nilitaka kumwamini. Lakini macho ya Asifiwe yalikuwa yameingia ndani, na nilipomwita hakugeuka. Niliacha mstari. Nilisimama mbele ya Madame Vumilia alipokuwa akipita na beseni, nikamzuia njia.

"Madame, nisamehe. Huyu mutoto anakufa."

"Wote hapa wanakufa, papa. Rudi kwenye mustari."

"Amekuwa akikunywa maji karibu mwezi. Amekonda. Anakojoa kila saa."

Alikuwa ameanza kuondoka. Akasimama.

"Anakojoa? Hata leo?"

"Amenikojolea mgongoni tukija. Gusa shati."

Aliweka beseni chini. "Mutoto wa kolera hakojoi," alisema, kama anajiambia mwenyewe. Aliinama, akasikiliza pumzi, akanusa mdomo. Shangazi akawahi kusema, "Si kasiksi, Madame, nimekwisha kuuliza," na muuguzi akasema, "Najua, mama. Najua ni nini. Mungu, heri nisingejua."

Alileta kimashine kidogo, cha kukaa kiganjani. Alimchoma Asifiwe kidole. Hakustuka hata kidogo, na hilo lilinivunja moyo kuliko sindano yenyewe. Tone la damu likanywewa na kikaratasi. Tukangoja. Ni muda mfupi sana, mtu hawezi hata kumaliza Salamu Maria, lakini nasema kweli, sijawahi kungoja kitu namna ile. Mashine haikuandika namba. Iliandika herufi mbili.

"Imeharibika?" niliuliza.

"Hapana. Sukari imepita pale inaweza kuhesabu." Alichoma kidole kingine, herufi zikawa zilezile. "Ni ugonjwa wa sukari. Ile ya batoto. Anahitaji insuline sasa, na hapa sina. Si kesho, unanisikia? Kesho hakuna."

"Sake?"

"Sake hawana. Goma."

"Goma wametuambia tutoke."

"Najua. Lakini hospitali haijatoka."

Alimwekea sérum, dripu ya maji ya chumvi, mkononi, akanipa mfuko niushike juu. "Mutu akikuambia umuwekee sérum ya sukari ili apate nguvu, ukatae. Hata kama ni docta. Sema: ana sukari, mumupime kwanza."

Nilitoka barabarani na mfuko juu ya kichwa. Pikipiki zote zilikuwa zinaelekea upande mmoja. Kambale alikuwa amesimamisha yake kando, anafuta jasho.

"Goma? Kaka, nimetoka kule na roho yangu hii moja."

"Ni mutoto."

Alimtazama Asifiwe mikononi mwa Nsimire. Alimtazama tena. Akatema mate kando. "Mumufunge kwangu na kitenge. Akianguka sisimami, nakwambia mbele."

Ndipo Shangazi aliponishika shati. "Unamurudisha motoni! Bisimwa, kaka yangu aliniachia watoto watatu. Ukifa kule naye, miye nitasema nini kwenye kaburi yake?"

"Utasema tulimupeleka hospitali."

"Na Nsimire?"

"Nsimire ni wako. Mwende Sake."

Alilia, akafungua kitenge alichovaa juu, akamfunga mtoto nacho kwenye mgongo wa Kambale. Alikaza mafundo kama mtu anayegombana. Tukaondoka bila kuagana vizuri.

Njia yote tulikuwa peke yetu tunaokwenda upande ule. Watu walitupigia kelele. "Eh, mumepotea! Sake ni huku!" Mmoja alicheka, "Wamesahau funguo!" Kambale alipiga honi bila kuacha. Mimi nilikuwa nyuma, mkono mmoja umeshika mfuko juu, sikio langu mgongoni mwa Asifiwe. Tulipoingia mjini barabara ilikuwa tupu, maduka yamefungwa, na ardhi ilitetemeka hata pikipiki ikayumba. Kambale akasema, "Sali kwa nguvu, miye naendesha."

Hospitalini walikuwa wachache, lakini walikuwapo. Niliyasema maneno ya Madame Vumilia kabla sijasalimia: ana sukari, mumupime. Wakampima, wakaanza insuline. Nilikaa kwenye benchi la korido. Kila ardhi ilipotikisika, wauguzi walishika vyuma vya sérum ili visianguke, kisha wakaviachia na kuendelea na kazi. Sikula. Nilisikiliza mlango. Mchana ukapita hivyo. Kuelekea jioni pumzi ya Asifiwe ikaanza kushuka, kidogo kidogo, hadi ikawa kama ya mtoto aliyelala. Daktari alisema kwamba kama tungengoja hadi siku ya pili, asingekuwa na la kufanya. Alisema mara moja tu na hakurudia.

Siku iliyofuata Asifiwe alifungua macho. Nilimletea kikombe cha maji mdomoni.

"Sitaki, Yaya," alisema. "Nimeshiba maji."

Nilitoka nje kidogo.

Basi nawaambia: mtoto akinywa sana, akikojoa sana, akikonda, akichoka, usitafute sababu. Sababu zitakuja zenyewe, na kila moja itakuwa na akili. Joto, vumbi, minyoo, uchawi, mazuku. Mpeleke siku hiyohiyo, na useme neno hili: mumupime sukari. Ni tone moja.

Tulikaa hospitalini hadi watu waliporudi mjini. Kitanda cha pili kilikuwa cha Josué, mvulana wa umri wa Asifiwe, mwenye ugonjwa huohuo tangu zamani. Mama yake, Mama Clarisse, alikuwa akiuza vitambaa. Yeye ndiye aliyenifundisha sindano. Alinifanya nijidunge maji kwanza pajani.

"Mikono ya kuponda mawe hii," alisema. "Polepole, papa, si ukuta."

Shangazi alirudi na Nsimire, na alikuja na Fanta na biskuti, kama mtu yeyote anavyomtembelea mgonjwa. Nilipozikataa alikasirika kweli. "Mumemufunga mutoto mdomo!" Mama Clarisse alimketisha, akamweleza kwa Kishi, lugha ya kwao wote wawili, ambayo mimi niliyekulia Goma siijui. Sijui alimwambia nini. Shangazi alikunywa Fanta yote mwenyewe, hapo kitandani.

Mvua zikaja, Asifiwe akanenepa. Pini zikatolewa kwenye sketi. Mapajani akapata vivimbe vya sindano, tukajifunza kubadilisha mahali. Insuline tuliiweka ndani ya chungu kilichofungwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa umeme wetu ni wa kubahatisha. Siku nyingine sukari ilishuka, akatetemeka na kutoa jasho darasani, mwalimu akadhani ni kifafa. Nilikwenda kumweleza. Kiangazi kikapita, mvua nyingine ikapita. Nsimire alimaliza shule, mimi niliendelea na mawe. Ugonjwa ukawa mtu wa nyumbani: hatumpendi, lakini tunajua saa zake.

Kisha vita. Kwanza tuliisikia mbali, upande wa Rutshuru. Halafu Masisi. Mugunga ikajaa mahema ya wakimbizi. Halafu barabara ya Sake ikakatika, na baadaye waasi wakaingia mjini kwenyewe. Tulilala sakafuni, magodoro dirishani. Asifiwe alijidunga akiwa amelala ubavu, risasi zikipita juu ya mabati, na nilimwona akipunguza dawa.

"Unafanya nini?"

"Ninaipimia, Yaya. Imebaki kidogo."

Kelele zilipopungua nilitoka. Hospitali ilikuwa imejaa majeruhi hadi uani. Duka la dawa la hospitali halikuwa na insuline, na aliyenijibu hakuwa na muda hata wa kunihurumia. Nilikwenda Ndosho kwa Mama Clarisse, nikipita kando ya kuta.

Alifungua mlango kidogo. Nilimwambia. Aliingia ndani, nikamsikia akizungumza na Josué, kisha akatoka na kichupa kimoja ndani ya kitambaa chenye maji.

"Vilikuwa viwili," alisema. "Josué ana moja, Asifiwe ana moja. Njia ikifunguka, utanirudishia."

"Nitakurudishia, mama."

"Si kesho. Lakini usisahau."

Kichupa kile kilimfikisha Asifiwe hadi dawa zilipoanza tena kupatikana. Siku niliyopata vya kwetu nilikimbia Ndosho na kimoja. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani alisema walipanda boti kwenda upande wa Bukavu, siku chache baada ya mimi kuja, kwa sababu Mama Clarisse alikuwa anatafuta dawa ya mtoto. Halafu Bukavu nayo ikaingiwa na vita. Simu yake haiiti. Nimeuliza bandarini kwa watu wa maboti, nimeuliza kliniki, nimemtuma Shangazi awaulize watu wa kwao. Hakuna aliyewaona.

Sijui kama kichupa walichobaki nacho kilitosha. Ninajua tu kwamba vilikuwa viwili, na kimoja kilikuja kwangu.

Asifiwe ana miaka kumi na minne sasa. Chungu kina vichupa vyetu, na kimoja kimewekwa peke yake upande wa ukuta. Tarehe yake ikikaribia kupita, tunakitumia, tunaweka kipya mahali pake. Juzi asubuhi alikuwa anaharakisha kwenda shule, akaingiza mkono bila kutazama, akakitoa.

"Yaya, hii ni ya leo?"

"Hapana," nilimwambia. "Hiyo ni ya Josué."

Akakirudisha, akachukua kingine.